Tulizika Yago, Moyo Haukutulia

Adero ni mdogo wake mama yangu. Mtaani kwetu Obunga wanamwita Mama Lorine. Shemeji zake wa ng'ambo ya Ahero wanamwita Nyar Kisian, yaani binti wa Kisian, kwa kuwa huko ndiko alikozaliwa. Mimi namwita Mama Mdogo. Nimekaa kwake tangu niache shule nikiwa darasa la sita, na naandika habari zake kwa sababu mpaka leo kuna watu wanasema alilogwa, na wengine wanasema alikuwa anajifanya. Mimi nilikuwa ndani ya nyumba. Hakujifanya.

Kazi yake ni mgongo wazi. Viwanda vikishatoa minofu ya samaki aina ya mbuta, hubaki kichwa, mfupa na mkia, na hicho ndicho chakula chetu. Adero alikuwa akivianika juu ya waya, kisha anavikaanga kwenye karai kubwa kando ya barabara mpaka mfupa unavunjika mdomoni kama biskuti. Na alikuwa na mdomo. Mteja akilalamika kwamba kichwa ni kidogo, anamwambia, "Baba, hicho kinakutosha. Chenye akili kilinunuliwa jana." Watu walikuja kununua samaki na kutukanwa vizuri.

Mvua ndefu za mwaka jana, mto Nyando ulivunja kingo. Bwanake, Oluoch, alikuwa ameenda kwao kumsaidia mama yake kuhamisha mbuzi. Mbuzi walipatikana. Oluoch hakupatikana. Walimtafuta kwenye mashamba ya mpunga, wakamtafuta kwenye matete mpaka pale mto unapoingia ziwani, maji yakapungua na ardhi ikakauka, na hakukuwa na kitu.

Kwa Wajaluo, mtu akipotelea majini na mwili usionekane, huzikwa yago badala yake. Yago ni lile tunda refu, zito, linaloning'inia kwenye mti wake kama limefungwa kamba. Linafungwa shuka, linalazwa kaburini, watu wanalilia kama mtu. Ondiek, kaka mkubwa wa Oluoch, alitaka jambo hilo lifanywe mapema. Adero akakataa kabisa.

"Nikizika tunda," alimwambia, "nani ataendelea kumtafuta bwanangu?"

Akarudi Obunga na mtoto wake Lorine, ambaye alikuwa bado hajaanza shule, akawasha moto chini ya karai kama kawaida.

Siku jambo lenyewe lilipoanza, alikuwa anacheka. Karai la jirani ni la Rachael, na asubuhi hiyo Adero alikuwa amemnyang'anya wateja kwa maneno yake matamu. Rachael akapaza sauti ili wote wasikie: "Cheka tu, Mama Lorine! Hao mbuta wamekula bwanako, na wewe unatuuzia!"

Watu wengine walicheka. Pale kila kitu huchekwa, hata msiba. Adero naye alicheka. Kisha nikaona mkono wake wenye kijiko unatetemeka, mafuta yanadondoka juu ya moto. Uso ukawa na jasho ghafla, midomo ikapauka. Akashika kifua, akasema, "Nakufa. Sheryl, shika mtoto, nakufa," akakaa chini kwenye matope.

Wanyonyi wa mkokoteni alimwaga mzigo wake wa makaa, akampakia, tukakimbia naye hospitalini. Njia nzima Adero alikuwa anavuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini, vidole vimekakamaa kama kucha za kuku. Walimwekea zile waya za kupima moyo. Tulipokuwa tukisubiri, pumzi ikarudi, vidole vikanyooka. Daktari kijana akaja na karatasi.

"Mama, moyo wako ni mzima. Huna kitu. Nenda nyumbani upumzike."

Nilidhani atafurahi. Alimtazama yule daktari kama mtu aliyefungiwa mlango.

Ilirudi. Ilirudi bombani akiteka maji, ikarudi kanisani wakati wa kuimba, ikarudi akiwa amekaa tu anachambua mboga. Kila mara ni kifo kilekile. Moyo unaruka, koo linabana, mikono inakufa ganzi, dunia inakuwa mbali kama anaitazama kupitia chupa. Na kila mara hafi. Lakini kule kutokufa hakukumsaidia, kwa sababu kila mara aliamini kwamba hii sasa ndiyo yenyewe. Tulirudi hospitalini mpaka mlinzi wa geti akawa anamsalimu kwa jina.

Hata siku ambazo haikuja, alikuwa anaingojea, na hicho ndicho kilichommaliza. Vidole viwili havikutoka shingoni, anapima mshipa. Aliacha karai kwa sababu ilianzia hapo. Akaacha bomba, akaacha kanisa, akaacha soko. Mwishowe dunia yake ikawa kiti kimoja cha plastiki karibu na mlango, ili ikija apate pa kutokea. Lorine akitaka kwenda kucheza, anamshika gauni: "Usiende mbali, nikianguka utaita nani?" Mtoto akajifunza kucheza miguuni pa mamake, bila kelele, huku akimtazama usoni.

Kila mtu alikuwa na jina la ugonjwa ule. Mmoja anasema ni presha, mwingine anasema ni vidonda vya tumbo vimepanda kifuani. Mchungaji aliomba mpaka sauti ikakauka. Rachael aliacha kumtazama. Kisha Ondiek akaja kutoka kwao, akakaa kwenye kitanda, kofia mkononi, akamtazama shemeji yake aliyekonda mpaka mabega yamechongoka.

"Nyar Kisian," akasema kwa upole, "huu si ugonjwa wa hospitali. Oluoch yuko nje kwenye baridi. Hana kaburi. Anabisha kifuani mwako umfungulie."

Adero akarudisha vidole viwili shingoni.

"Tumzike. Ukimzika utapona. Na usipokubali, mimi siwezi kumwacha mtoto wa ndugu yangu hapa. Hebu mwangalie. Mtoto gani anakaa kama mgonjwa wa wodi?"

Sikumchukia Ondiek. Alichosema juu ya Lorine kilikuwa kweli. Adero aliangalia mtoto, akaangalia sakafu, akasema, "Sawa. Mzikeni." Halafu akasema tena, polepole, kama anajadiliana na mtu mwingine: "Nikimzika, itaisha?"

"Itaisha," Ondiek akasema.

Tulienda kwa gari la rafiki yake Ondiek. Kwao ni ng'ambo ya mto, ukishapita Ahero. Gari lilipokaribia daraja la Nyando, Adero aliteremka kwenye kiti, akalala sakafuni kwenye miguu yetu, gauni limefunika kichwa, akabaki hivyo hadi tulipofika.

Yago lilikuwa limekwisha kukatwa. Lilikuwa kubwa, la rangi ya majivu, na walipolifunga shuka nyeupe kusema kweli lilikuwa na umbo la mtu aliyelala. Wanawake wakalia. Mama mkwe akaliita kwa jina la mtoto wake. Adero alitembea mwenyewe hadi kaburini, akatupa udongo, akalia kilio kirefu ambacho nadhani kilikuwa kimengoja tangu mafuriko. Hakutetemeka, wala hakushika shingo. Alikula ugali na kuku, akaongeza. Ondiek alipita kati ya wageni anasema, "Mmeona? Si niliwaambia?" Na mimi niliona. Niliamini kabisa.

Kesho yake asubuhi alikuwa anaosha sufuria, anamsimulia mama mkwe kitu cha kuchekesha. Sufuria ikaanguka.

Sijawahi kuiona ikija vibaya kama siku ile. Alitambaa kwenye majani, anakwaruza kifua, anaita, "Oluoch, nimekuzika! Si nimekuzika!" Watu wakasimama mbali. Lorine alijificha nyuma ya nyanya yake. Ilipoisha, Adero alikaa pale kwenye nyasi zilizolowa, na uso wake haukuwa na hofu tena. Ulikuwa mtupu, na huo utupu ulinitisha kuliko hofu. Kabla ya hapo alikuwa na sababu moja na tumaini moja, na vyote viwili tulikuwa tumevifukia jana yake.

Ondiek hakugomba. Alisema tu, "Mtoto atabaki." Adero hakubisha. Tulirudi Obunga bila Lorine.

Siku zilizofuata alinyamaza. Nikimpa uji, anashika kikombe mpaka unapoa. Mara moja alisema, bila kuniangalia, "Kama ni kufa, si nife mara moja? Kwa nini naonjeshwa kila siku?" Niliondoa mafuta ya taa ndani, nikaondoa na kisu, nikampa mke wa Wanyonyi aniwekee. Yule mama aliniuliza kwa nini. Nilipomwambia, akafunga kibanda chake palepale akaja nami.

"Mama Lorine, simama. Kuna zahanati hapa nyuma, daktari wao ni msichana wa kwetu Bungoma. Hutaenda kwa sababu ya moyo. Utaenda kwa sababu ya hayo maneno unayosema."

"Wataniambia sina kitu."

"Wakikuambia hivyo, mimi ndio nitawatukana. Wewe umechoka."

Daktari aliitwa Nanyama. Chumba chake kilikuwa kidogo, na Adero alikataa mlango ufungwe. Nanyama akauacha wazi, akavuta pazia tu. Kwanza aliuliza wazi kama Adero anafikiria kujiua. Mimi nilishtuka, lakini Adero alivuta pumzi kama aliyetuliwa mzigo, akasema, "Sitaki kufa. Nataka hii iache." Kisha Nanyama akamwuliza mambo ambayo hakuna mtu aliyewahi kuuliza. Ikija inapanda haraka namna gani? Ikishatoka, anaogopa nini? Ni wapi ameacha kwenda?

Adero aliinama. "Mwambie, Sheryl. Wewe ndiye unayeona."

Nikasema. Karai, bomba, kanisa, soko, daraja. Nilipofika kwa mtoto, nikanyamaza.

Nanyama alitoa damu ipimwe, akaangalia na tezi ya shingo, kwa sababu alisema hiyo pia inaweza kukimbiza moyo. Majibu yaliporudi safi, Adero akaanza kulia: "Umeona? Sina kitu."

"Una kitu," Nanyama akasema. "Kina jina, na kina dawa. Ni ugonjwa wa wasiwasi, na haya yanayokuja ni mashambulio ya hofu. Mama, kwenu mtu akipiga nduru, watu wanafanya nini?"

"Wanatoka na rungu."

"Wote. Hata aliyekuwa anakula. Sasa mwili wako unapiga nduru, moyo unatoka mbio, pumzi inatoka mbio, jasho, mikono. Wanafika, mwizi hayuko. Lakini wewe ukiwaona wamekuja na rungu unasema, basi mwizi yuko! Unaogopa zaidi, nduru inapigwa tena."

Adero akauliza, "Na Oluoch?"

"Oluoch mmemzika, mmefanya vizuri. Huo ni msiba, utaulia. Huu ni ugonjwa, tutautibu. Msivichanganye."

Alimpa vidonge vya kumeza kila siku. Alisema havifanyi kazi leo wala kesho, vinachukua wiki kadhaa, na mwanzoni vinaweza kuongeza mtetemo. Akaonya asimeze vidonge vya usingizi vya majirani, wala asiache dawa bila kumwambia. Na kila wiki arudi, waongee, wajaribu kurudi sehemu alizoacha kwenda, moja baada ya nyingine.

Ningesema alipona, ingekuwa hadithi nzuri. Wiki ya kwanza ilikuwa jehanamu. Alitetemeka mpaka meno yakagongana, na Rachael, aliyepata habari sijui wapi, akasema barabarani, "Kumbe ni dawa za wazimu! Si mngesema tumfunge kamba?" Siku hiyo Adero alitupa vidonge chooni. Akakaa kwenye kile kiti, mlangoni, na nikajua tumekwisha.

Mimi ndiye niliyeenda kumwambia Nanyama. Nilidhani atakasirika. Alifunga kazi yake akaja mpaka Obunga kwa miguu, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akasema, "Hilo ni kosa langu, ningeanza na nusu kidonge. Tuanze na nusu." Kisha akamwambia Adero apande na kushuka kizingiti cha mlango haraka haraka mpaka moyo ukimbie.

"Unataka kuniua?"

"Nataka uuone ukikimbia bila kukuua."

Adero alipanda na kushuka, analia kwa hofu, na moyo ukakimbia, na Nanyama akakaa kwenye ndoo hafanyi chochote. Nilipotaka kumshika Mama Mdogo, Nanyama akanizuia. "Ukimshika, atafikiri mkono wako ndio uliomwokoa. Mwache aone inashuka yenyewe." Ikashuka. Ilichukua muda mrefu, nilitaka kupiga kelele, lakini ilishuka.

Ndivyo tulivyoendelea. Bombani, anasimama mpaka ishuke. Siku nyingine haikushuka, akakimbia, tukarudi kesho. Kwenye karai la Rachael alienda akasimama tu, mafuta yakichemka. Rachael akauliza, "Umekuja kuniroga?" Adero, jasho likimtiririka, akasema, "Na uso huo, nani alinitangulia?" Ilikuwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze nimsikie akitukana mtu. Nilienda nyuma ya kibanda nikalia.

Kisha Ondiek akapiga simu. Shule zinafunguliwa. Lorine ataandikishwa kule, na akishaanza shule hatahamishwa tena. "Kama unasema umepona," akasema, "njoo mwenyewe. Vuka daraja tukuone. Usiletwe umelala chini ya viti."

Nanyama alisema ni mapema, bado kuna hatua nyingi kabla ya daraja. Adero akasema, "Shule haitangoja hatua zangu."

Tulishuka Ahero kabla ya mto, kwa sababu alisema garini atajificha tu. Tukatembea. Maji yalikuwa yamejaa, ya rangi ya chai, yanabeba matete na chupa. Mwanzo wa daraja ikamshika. Niliiona ikipanda, kutoka tumboni hadi machoni. Alishika chuma cha pembeni, vidole vikakakamaa. Malori yalipita, daraja likatikisika.

"Turudi, Mama Mdogo."

"Usinishike."

Mwendesha baiskeli mmoja akasimama. "Mama anaumwa?"

"Anaogopa," nikasema.

"Anaogopa nini?"

Adero akajibu mwenyewe, kwa pumzi iliyokatika: "Niko... sawa, baba... pita tu."

Yule mtu akaenda huku anageuka nyuma. Adero alitazama maji. Nadhani alimtafuta Oluoch humo, kwa sababu midomo yake ilikuwa inasema kitu. Hakuondoka pale. Nilisubiri aanguke, nikasubiri akimbie, jua likapanda mpaka chuma kikaanza kuwaka mkononi. Mwishowe mabega yakashuka kidogo, si sana. Akaachia chuma, akaenda.

Ondiek alikuwa uani. Alimtazama miguu iliyojaa vumbi, akatazama mikono.

"Bado unatetemeka, Nyar Kisian."

"Natetemeka," Adero akasema. "Kesho pia nitatetemeka. Nina ugonjwa, nina dawa, nina daktari. Nimekuja kuchukua mtoto wangu."

Ondiek akageuza kofia mkononi. Mama mkwe wa Adero ndiye aliyesema kutoka mlangoni, kwa Kijaluo, kwamba mke wa mwanawe amekuja kwa miguu, na mtu aliyekuja kwa miguu hapewi kiti cha mgeni, anapewa kitu chake. Ondiek aliingia ndani. Alipotoka alikuwa amebeba begi la nguo za Lorine.

Lorine hakumkimbilia mamake. Alisimama mbali, anamchunguza uso, kama alivyojifunza kwenye kile kiti. Adero hakumwita. Alikaa chini akangoja, na mtoto akaja polepole, akamgusa shingoni na vidole viwili.

"Inakimbia," Lorine akasema.

"Ndiyo, inakimbia."

Tulirudi kwa njia ileile. Karibu na daraja, Lorine akavuta mkono wake, akaupangusa kwenye gauni.

"Mama, mkono wako una maji."

"Ni jasho. Naogopa."

"Turudi kwa nyanya?"

"Hapana. Tutasimama hapo katikati kidogo. Ukichoka kusimama, niambie."

Lorine alifikiri. Kisha akaomba atembee upande wa chuma ili aone maji, na mamake, akiwa ameshaanza kuhema, akahamia upande wa malori akampisha.